Tangazo Letu Halikusomwa

Fundi alikuwa amepiga magoti, anapiga msasa benchi la tatu la kanisa, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, mchumba wake, mpiga kinanda wa kanisa, alipoingia.

"Fundi wangu, bado umenuna?"

"Sogea, unanizibia mwanga."

Mpiga kinanda akasogea. Jana, Jumapili, tangazo la ndoa yao lilipaswa kusomwa. Likasomwa la mazishi, likasomwa la usafi, hata la mwavuli uliookotwa likasomwa. Lao likarukwa.

"Baba yangu anaomba tungoje kidogo tu, mpenzi."

"Najua. Ameniandikia."

Akachomoa simu kwenye ovaroli, akasoma kwa sauti: "Binti yangu, upendo wa Kristo hauna rangi. Ila ndoa ni mambo ya familia. Tuombe kwanza."

"Jamani, baba si mbaguzi. Mwezi uliopita si alikuosha miguu mbele ya watu wote?"

Msasa ukasimama. Alimwosha, kweli. Siku ya Upatanisho wazee weupe wa kanisa waliwaosha miguu waumini weusi, na huyu baba mkwe mtarajiwa alilia machozi yakadondokea kwenye beseni.

"Kwa hiyo miguu yangu anaishika, wajukuu wa rangi yangu ndio wanamshinda?"

"Punguza sauti, tuko kanisani."

"Sipunguzi! Wewe ulijua lini?"

"Juzi."

"Juzi! Na jana ukakaa kwenye kinanda, ukapiga mpaka wimbo wa mwisho. Nilikuwa nakusikiliza, mwenzangu. Hukukosea hata noti moja!"

Uso wa kijana ukaiva kwa aibu. Kabla hajajibu, mlango ukalia, baba yake akaingia, kofia mkononi.

"Binti yangu, hasira zote hizi ndani ya nyumba ya Mungu?"

"Kama mimi ni binti yako, mzee, niambie kosa langu."

"Huna kosa, mama. Waumini ndio hawajawa tayari."

"Muumini gani? Nitajie mmoja tu, nikamwone sasa hivi."

Mzee akayatazama mabenchi matupu, moja baada ya jingine, kama anayemtafuta mtu wa kumsingizia. Hakumpata.

"Mimi," akasema. "Ni mimi."

Safari hii hakulia. Mwanawe akatoa simu, akampigia mchungaji, akaweka sauti ya nje.

"Mchungaji, baba alikwambia nini kuhusu tangazo letu?"

"Kwamba mmekubaliana kuahirisha. Kwani sivyo?"

"Sivyo. Baba alikudanganya, nami nilijua nikanyamaza. Tunataka lisomwe Jumapili hii."

"Njooni kesho asubuhi ofisini. Wote watatu."

Simu ikakatika. Mzee akaketi kwa kishindo.

"Umenivua nguo, mwanangu."

"Ulimvua yeye kwanza, baba."

Fundi akasimama, akajikung'uta magoti. Mchumba akamnyooshea mkono.

"Umenisamehe?"

"Bado. Nakupenda, na bado nina hasira nawe. Usiniharakishe."

Akauweka msasa juu ya benchi. Upande mmoja wa benchi ulikuwa laini, mwingine bado una magamba ya rangi ya zamani.

"Hili nitalimalizia kesho, tukitoka kwa mchungaji."

"Nije nikusaidie?"

"Kwanza kesho uyarudie mbele ya mchungaji hayo uliyomwambia kwenye simu, baba yako akiwa amekukodolea macho. Halafu tutaongea habari za msasa."