Nani Alimfuta Tarishi wa Mto?

Yendry Obando, msichana wa darasa la sita, alikuwa na kawaida ya kufika shuleni kabla ya wenzake. Nyumbani kwao Los Jobos, kijiji kilicho karibu na mji wa Nicoya, alikula chapati ya mahindi kwa jibini, akanywa kahawa upesi upesi, kisha akakimbilia chumba cha kompyuta. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa klabu ya kompyuta, na cheo hicho alikivaa kama kofia mpya.

Klabu ilikuwa na kipima-maji chini ya daraja fupi wanalovukia watoto wa ng'ambo ya mto. Maji yakifika alama nyekundu, ujumbe ulikwenda wenyewe kwenye simu za walimu na wazazi. Kiungo kinachopeleka ujumbe wa namna hiyo wataalamu hukiita webhuku, lakini wanafunzi walikiita tarishi. Walikuwapo tarishi wa mto, wa kengele, wa bustani, na wengine wa majaribio tu. Aliyewatunza ni wakala wa akili mnemba, yaani programu inayosoma maagizo na kuyatekeleza yenyewe.

Mwezi wa tatu, wakati wa kiangazi, Mwalimu Odilie alimpa wakala zana ya kufutia matarishi wa zamani. Yendry aliambiwa aandike maelezo ya zana hiyo. Aliyaandika dakika tano kabla ya mechi ya mpira, akasahau.

Jumatano moja ya mwezi wa tano mvua kubwa ilinyesha milimani. Mto ukafura. Hakuna simu hata moja iliyolia. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamekwisha kukanyaga daraja pale Mama Nidia, mpishi wa shule, aliposikia ngurumo ya maji. Alitupa mwiko, akakimbia na aproni yake, akawavuta mmoja mmoja. Wote walipona, ila kiatu cha mtoto mmoja kilikwenda na maji.

Kesho yake ikajulikana kwamba tarishi wa mto hayupo. Amefutwa.

"Nani kamfuta?" Mwalimu Odilie aliuliza.

Macho ya Yendry yalikwenda moja kwa moja kwa Jafeth. Jafeth, mwenzake wa darasa la sita, ndiye aliyeshindwa uchaguzi wa klabu. Tena, mara mbili Yendry alimkuta peke yake chumba cha kompyuta, mlango umefungwa, na mara zote mbili alificha karatasi chini ya shati.

Wakati wa mapumziko alimnong'oneza mwenzake mmoja. Kufikia saa sita, shule nzima ilikuwa inanong'ona. Jafeth alipokaa mezani na sahani yake ya wali na maharage, benchi likabaki tupu.

"Mbona unanitazama hivyo?" alimuuliza Yendry. "Kwani nimekuibia?"

"Unajua mwenyewe ulichofanya."

"Sijui. Niambie."

"Kwenye karatasi zako unaficha nini?"

Jafeth alilishika shati lake kifuani, uso ukamwiva. Yendry akaona huo ni ushahidi tosha.

Alikwenda chumba cha kompyuta kutafuta jina la Jafeth kwenye kumbukumbu za mfumo, apate kumpelekea mwalimu. Alishuka mstari kwa mstari hadi akafika ulipotajwa tarishi wa mto. Jina la Jafeth halikuwapo. Palikuwa na maneno ya wakala: "Maelezo ya zana yanasema: Hufuta matarishi wasiotumika. Tarishi wa mto hajatuma ujumbe kwa siku sitini. Nimemfuta."

Yendry alisoma tena. Sentensi ile ilikuwa yake. Kiangazi chote mto ulikuwa chini, tarishi angetuma ujumbe gani?

Hakuna mwingine aliyeisoma kumbukumbu ile. Angeweza kuufuta mstari ule sasa hivi, na watu wakaendelea kumshuku Jafeth. Aligusa kitufe cha kufutia, akauondoa mkono. Alikumbuka benchi tupu.

Akaenda darasani, akasimama mbele ya wote.

"Mwalimu, Jafeth hahusiki. Ni mimi. Niliandika maelezo mafupi mno, na wakala akafuta kama nilivyoandika. Halafu nikamsingizia mwenzangu."

Minong'ono ilizuka. Jafeth aliinuka, akatoa karatasi chini ya shati na kuitandaza mezani. Ilikuwa hesabu za kuzidisha za darasa la nne.

"Nilikuwa najifunza kwa siri," alisema. "Niliogopa mtanicheka. Umeridhika sasa?"

"Nisamehe, Jafeth."

"Leo siwezi. Labda kesho."

Siku ya pili Mwalimu Odilie alimrudisha tarishi wa mto kwanza, kisha akawaita wote wawili mbele ya darasa. "Yendry, andika upya. Jafeth, wewe ni wakala. Fanya kilichoandikwa tu, usikisie kitu."

Yendry aliandika, Jafeth akatii kwa ukaidi wa makusudi. "Umesema nifute. Nimfute nani? Huyu? Yule? Basi wote!" Yendry akajikuta anacheka, akaandika tena. Mara ya nne karatasi ilieleza kwamba zana hufuta tarishi mmoja tu, kwa namba yake. Kwamba aliyefutwa harudi mwenyewe. Kwamba kutotuma ujumbe si dalili ya kutohitajika. Na kwamba wakala asifute kabla mtu mzima hajasoma jina na kukubali.

"Sasa nimekosa pa kukosea," Jafeth alisema, akamrudishia karatasi.

Mwalimu Odilie alisoma karatasi yote, neno kwa neno, kisha akawageukia wanafunzi.

"Na mimi nina kosa, maana sikuyasoma maelezo ya kwanza. Sikilizeni. Anayefuata maagizo yetu, awe mtu au mashine, hawezi kuona yaliyomo vichwani mwetu, huona tulichoandika. Kazi ya dakika tano ilikaribia kutupotezea watoto. Na kosa likitokea, tuanze kukagua kazi ya mikono yetu kabla hatujamnyooshea mwenzetu kidole. Yendry alichelewa kufanya hivyo, lakini alisema kweli siku ambayo angeweza kunyamaza."