Breki ya Msoma Mita

Foleni ya duka la dawa ilikuwa imefika mlangoni. Watu walikohoa, watoto wakalia, na fundi wa baiskeli aliyekuwa mbele kabisa akaagiza kwa sauti ambayo hakukusudia iwe kubwa.

"Nipe mabomba ya sindano mawili, yale makubwa. Sindano zenyewe sitaki."

Kelele zikapungua. Muuzaji alimpima kwa macho kuanzia kichwani hadi viatuni: ovaroli ya bluu iliyopauka, kucha zenye weusi usiotoka kwa sabuni, uso mtulivu.

"Ya nini?"

"Ya breki."

"Kumbe breki nazo zinaumwa?"

Swali hilo lilitoka nyuma yake. Aliyeuliza alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, amevaa sare ya idara ya maji, shati la kijani lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, na kofia ngumu ya baiskeli ikining'inia mkononi.

"Zinaumwa, dada," fundi alijibu bila kutabasamu. "Hewa ikiingia kwenye mafuta yake, breki inalegea. Naivuta hewa kwa bomba, mgonjwa anapona."

"Basi, Daktari, mimi nina mgonjwa wangu nje."

Mgonjwa alikuwa baiskeli ya milimani yenye breki za diski. Mwanamke huyu alikuwa msoma mita za maji, na mitaa aliyopangiwa ilipanda kilima kwa vichochoro vya mawe ambavyo hata pikipiki haipiti. Fundi alibonyeza mkono wa breki ya mbele, ukaenda moja kwa moja hadi kugusa usukani.

"Umeshukaje mlima na kitu hiki?"

"Kwa kumtaja Mungu."

"Mungu hajakataa. Lakini na wewe usimtwishe kila kitu."

Mwanamke alicheka hadi akasahau dawa aliyokuja kununua. Mapenzi mengine huanza kwa mashairi. Haya yalianza kwa kuvuta hewa kwenye mpira mwembamba mweusi, katika kibanda kimoja chenye benchi, dirisha na harufu ya raba.

Msoma mita alizoea kupita kibandani kila Ijumaa baada ya kazi. Fundi alimfungia diski kubwa zaidi mbele, kwa sababu ya mteremko na mkoba wake mzito. Akambadilishia pedi za breki. Siku moja akachukua ufunguo mdogo na kumwambia, "Nipe mkono."

"Wa kushika au wa kupima?"

"Wa kupima."

"Pole yako."

Alimpa hata hivyo. Vidole vyake vilikuwa vifupi, na fundi akausogeza mkono wa breki karibu na usukani, robo kwa robo, hadi kidole kimoja tu kikatosha kuuvuta. Kazi ya dakika mbili iliwachukua nusu saa, na hakuna aliyelalamika.

"Sasa nisikilize, kipenzi," fundi alisema. "Breki hizi zinatumia mafuta ya madini peke yake. Ukitia yale ya gari, mipira ya ndani inavimba. Haikuonyi siku hiyo hiyo. Inakuacha siku usiyoitegemea."

"Ndiyo, mwalimu. Na mwalimu mwenyewe anatumia nini?"

"Chai."

"Basi Jumapili uje nyumbani uinywe. Baba anataka kukuona. Na usije na ovaroli, tafadhali."

Alikuja na shati jeupe. Baba mtu, Mzee, alikuwa dereva wa lori mstaafu, mfupi, mwenye mabega mapana. Walizungumza breki saa mbili nzima, msoma mita akabaki kumimina chai na kupiga miayo. Mzee alimpenda kijana, ila hakusema. Alisema tu, "Huyu anajua kusikiliza," na kwa Mzee hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Miezi minne ikapita hivyo. Fundi akaanza kumwita mke wangu kwenye simu, naye akawa anajibu, "Mke wa nani? Barua ya posa sijaiona." Barua ilikuwa inaandikwa.

Kisha, Jumatano moja asubuhi, msoma mita alikuwa anateremka kutoka kwenye tangi kuu la maji. Alivuta breki ya mbele ikashika. Akavuta tena, haikushika. Mita ishirini chini palikuwa na kona na ukuta wa mawe.

Alivunjika mtulinga na mbavu mbili. Hakufa, na daktari alisema ashukuru kofia.

Fundi aliichukua baiskeli, akaifungua breki kwenye benchi lake. Mipira ya ndani ilikuwa imevimba kama maharagwe yaliyolowekwa. Alinusa mafuta, akanusa tena, akakaa chini. Yalikuwa mafuta ya breki ya gari. Aliviringisha vile vipande kwenye kitambaa, akavitia mfukoni na kwenda nyumbani kwa msoma mita kueleza.

Alimkuta mpenzi wake kitandani, mkono umefungwa kifuani. Mzee alikuwa amekaa kando akimnywesha supu kwa kijiko. Hakuinuka.

"Mama yake alikufa kwa breki," Mzee alisema. "Mimi ndiye nilikuwa nyuma ya usukani. Mteremko, lori limejaa, breki zikakata. Miaka kumi na moja sasa. Tangu siku hiyo sijashika usukani. Nakuuliza, kijana: ulimfanya nini mwanangu?"

Kwenye rafu nyuma ya bega la Mzee palikuwa na chupa ya mafuta ya breki ya gari, imefunguliwa, imepungua kidogo tu. Fundi aliiona. Akamwona na Mzee, bado ameshika kijiko cha supu. Mkono uliokuwa mfukoni ukakishika kile kitambaa usikitoe.

"Ni kosa langu, Mzee," alisema. "Sikukaza vizuri."

Ulikuwa uongo, tena uongo mbaya. Msoma mita alikuwa ameviona vile vidole vikikaza kila skrubu mara mbili. Lakini mtu mwenye maumivu hutafuta wa kumlaumu, na wa kumlaumu alikuwa amejileta mwenyewe.

Siku tatu baadaye msoma mita alimpigia simu.

"Ulisema niiamini ile breki."

"Nilisema."

"Nilikuamini wewe, siyo breki. Una la kuongeza?"

Fundi alikuwa nalo, limemjaa mdomo mzima.

"Basi usinipigie tena."

Habari mbaya haina breki. Wateja wakaanza kupita kibandani bila kusimama, na wale waliomwita Daktari wakaacha. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, alijiambia, akaendelea kufungua kibanda kila asubuhi. Lakini kila Ijumaa jioni alikuwa anaacha mlango wazi muda mrefu kuliko kawaida, na kila Ijumaa alijiona mjinga.

Wiki saba zilipita. Mtulinga ukaunga. Msoma mita alikuwa barazani akijaribu kuinua mkono, wakati Mzee anaongea na jirani aliyeleta baiskeli yake.

"Iache hapa nikuangalizie breki," Mzee alikuwa akisema. "Mafuta yamepungua, nitakuongezea. Hawa mafundi wa siku hizi wanaacha kikopo cha mafuta nusu. Hata ya binti yangu nilimjazia mwenyewe, wiki moja kabla hajaanguka. Kama nisingejaza, angeanguka mapema zaidi."

Msoma mita aliushusha mkono taratibu.

"Ulijaza mafuta gani, baba?"

"Ya breki. Mafuta ya breki ni mafuta ya breki, mwanangu."

Alitaka kusema. Alifungua kinywa kabisa. Baba yake alikuwa amesimama kwenye jua, ameshika kitambaa cha kufutia, uso umetulia kama ambavyo binti yake hakuwa ameuona kwa miaka mingi, kwa sababu kwa mara ya kwanza breki ilikuwa imemuumiza mtu na kosa, machoni pake, halikuwa lake. Msoma mita akafunga kinywa. Akamwambia jirani aondoke na baiskeli yake, akavaa viatu, akatoka.

Fundi alikuwa ameinamia gurudumu alipoona kivuli mlangoni. Hakuinua kichwa mara moja. Aliogopa.

"Ulijua," msoma mita alisema.

"Nilijua."

"Ukaniacha nikuchukie wiki saba."

"Ulitaka nimwambie nini? Kwamba mara ya pili tena ni yeye?"

"Mimi ungeniambia."

"Ningekupa mzigo wa kumtazama kila siku ukijua."

"Ndiyo huo ninao sasa. Na ninaubeba peke yangu, kwa sababu wewe ulijifanya shujaa." Sauti yake ilikatika. Alilia wima, kwa hasira, bila kujifuta, na fundi hakuthubutu kumgusa mkono ule mbovu, akamshika ule mzima. "Sikuweza kumwambia," alisema. "Nilisimama pale na mimi nikanyamaza. Ndiyo maana nimekuja. Nisingejua kunyamaza ni kuzito kiasi gani, nisingekuja."

"Nilikupenda, ndiyo nikanyamaza."

"Najua. Usinipende hivyo tena."

Walikaa kwenye benchi, bega kwa bega. Kisha msoma mita akasema lile ambalo wote wawili walikuwa wanalizunguka: leo Mzee alikuwa anataka kujaza breki ya jirani, kesho angejaza ya mwingine. Mficha uchi hazai. Fundi akavua ovaroli, akakichukua kile kitambaa chenye mipira.

Walimkuta Mzee sebuleni. Fundi alikitoa kile kitambaa, akakifungua mezani, na kueleza kwa utaratibu: mafuta haya, mipira hii, siku ngapi kuvimba. Hakuongeza neno la kupoza wala la kulaumu. Mzee aliushika mpira mmoja uliovimba kati ya vidole viwili, akautazama kwa muda mrefu sana.

"Wewe umejua tangu lini?" alimuuliza binti yake.

"Leo, baba."

"Na wewe?"

"Tangu siku ile ya supu, Mzee."

"Nikakutukana mtaa mzima."

Machozi yalimtoka Mzee bila sauti, yakashuka hadi kidevuni. Msoma mita alipiga magoti, akaishika miguu yake, akasema, "Niko hai, baba. Niangalie. Mimi niko hai." Alilirudia hadi Mzee akamwekea mkono kichwani.

"Hilo ndilo mlilokuja nalo?" Mzee aliuliza baadaye.

"Kulikuwa na la pili," fundi alisema. "Lakini linaweza kusubiri, Mzee. Siku yoyote."

Mzee aliinuka, akaingia chumbani na kufunga mlango. Walisikia maji yakimwagika kwenye beseni. Kisha kimya, kirefu, hadi msoma mita akaanza kuogopa na kusogea mlangoni.

Mlango ukafunguliwa. Mzee alikuwa amenawa uso, amevaa shati lake la mikono mirefu, amefunga vifungo vyote hadi shingoni, na koti juu yake. Macho yalikuwa bado mekundu. Alivuta kiti, akakaa wima kama baba wa nyumba anavyokaa wageni wakija na jambo.

"Haya, mwanangu," alimwambia fundi. "Sema la pili."