Randu Alijua Kabla Yangu

"Huyo mwanamke anaitwa nani?" nilimuuliza mume wangu Kenga, nimesimama mlangoni asipate pa kupita.

"Mwanamke gani tena, Mama Nelly?"

"Anayekufanya ulale sebuleni. Umekonda, huli, mashuka unafua mwenyewe. Mwanamume gani wa Garsen anafua mashuka?"

Akainamisha kichwa, kisha akatoboa siri. Alikuwa akitoka damu akienda haja kubwa tangu msimu wa mpunga uliopita. Kama wenzake wanaoshinda kwenye maji ya majaruba ya mpunga, aliona damu akasema ni kichocho tu, akawa anameza vidonge. Aliyemletea vidonge ni Randu, rafiki yake wa shambani.

Nina watoto na mtu huyu, na siri yake anayo Randu!

"Mambo ya choo nitamwambiaje mke wangu?" akanung'unika.

Nilimkokota hadi hospitali kubwa. Wakamwingiza kamera, wakakuta uvimbe kwenye utumbo mpana, na maabara ikasema ni saratani. Daktari Khairat alitueleza bila haraka.

"Kichocho cha huku damu yake huonekana kwenye mkojo, si kwenye haja kubwa. Utumbo wako umewaka ndani, kama kidonda kisichopona, kwa muda mrefu. Sehemu ikiumia, chembe za kinga hutoa protini za kuitana zije kuponya. Ikipona, protini hizo hupungua. Zako hazikunyamaza. Zimeendelea kuita, na saratani imezitumia kukua."

"Sasa?" nikauliza.

"Haijasambaa. Tutaukata uvimbe. Mngechelewa zaidi, ningekuwa nasema mengine."

Tulipotoka nje nilimgeukia.

"Mwili wako umeita msaada muda wote huo, na wewe umekaa kimya kando yangu."

"Niliogopa utaniacha."

"Ningekuacha kwa ajili ya mwanamke, Kenga. Kwa ugonjwa niende wapi?"

Alilia. Sikumbembeleza, maana hasira ilikuwa bado imenikaba, ila mkono wake sikuuachia.

Alipasuliwa salama. Siku moja nilikuwa nje ya wodi ya wanaume nikingoja saa ya kuwaona wagonjwa, meseji ikaingia:

"Mama Nelly, leo nimeenda choo. Hakuna damu. Nakuambia wewe kwanza, hata daktari hajui."

Tangu anichumbie ameniandikia meseji tamu nyingi. Hii ndiyo iliyoniliza. Nikafuta machozi, nikamjibu:

"Nakupenda. Sasa mwambie daktari. Randu atasubiri."