Tundu Katikati ya Ngazi

Siku ya mtihani, Mien hakurudi. Alitoka alfajiri kwa baiskeli kuwahi basi la kwenda mjini Vinh, akafanye mtihani wa Kikorea ambao kila kijana wa kijiji aliyetaka kazi ya kiwandani ng'ambo alilazimika kuushinda. Asubuhi hiyohiyo wavunaji walimkuta kifudifudi kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, baiskeli imemlalia.

"Ameteleza," alisema afande Duong. "Tope la ukingoni."

Nhan, dada yake mkubwa, hakulia mbele ya watu. Aliomba begi la marehemu. Zipu ilikuwa imefungwa. Ndani mlikuwa na kadi ya mtihani na kalamu. Daftari halikuwemo. Mien alikuwa ameandika humo mwongozo wake mwenyewe, msamiati wote wa Kikorea, kila neno na mchoro wake: nyundo, bisibisi, banda la kuku. Darasa zima la Kikorea lilikuwa likiumezea mate.

"Maji yamelichukua," afande alisema.

"Yaani maji yalifungua zipu, yakachukua daftari, yakaacha kadi, halafu yakafunga zipu?"

Afande aliitazama zipu upya.

Nhan alikumbuka jioni ya kuamkia siku hiyo. Mama yao aliliweka daftari madhabahuni, mbele ya picha za mababu, kama wafanyavyo wazazi wote mtoto akiwa na mtihani, akachoma vijiti vya ubani. Kaa moja likadondoka kwenye ukurasa uliokuwa wazi, likatoboa tundu lenye ukingo mweusi katikati ya mchoro wa ngazi. Mama alipiga yowe: nuksi hiyo! Mien alicheka hadi akakaa chini. "Mama, hilo neno sasa sitalisahau hata meno yakining'oka."

Siku ya pili baada ya kifo, afande alimkamata Sau, mwanafunzi mwenzake Mien, kwa kuwa watu waliwasikia wawili hao wakigombana. Alipoachiwa kwa kukosa ushahidi, Nhan alimfuata kwao, akamkuta akilisha bata.

"Mligombania nini?"

"Daftari, dada. Nilimwomba aniazime siku moja tu. Akaniambia kichwa changu gunia bovu, kila kinachoingia kinavuja."

"Ukakasirika."

"Nilikasirika, ndiyo. Lakini angalau mimi niliomba! Mwalimu wetu Khoat alimwamuru aliache darasani. Mien akamjibu mbele yetu sote, 'Mwalimu, nawe si ujifunze?' Tulicheka mpaka basi. Tangu siku hiyo maswali tulimuuliza Mien, si yeye."

Nhan aliyaweka moyoni maneno hayo. Kumshuku mwalimu si kumshika. Akangoja.

Alingoja mpaka Khoat alipotoa mwongozo mpya, jina lake kubwa kwenye jalada. Sau ndiye aliyemletea Nhan. "Dada, itazame hii michoro."

Nhan aliitambua michoro ya mdogo wake, kuku kwa kuku. Alifunua taratibu hadi penye ngazi. Hapo akaufunga mwongozo, akaenda kumwalika afande Duong chakula cha siku ya mia tangu kifo, siku ambayo wafiwa huacha kulia.

Mwalimu Khoat naye alialikwa, akawekwa kwenye sinia la wageni wa heshima. Nhan alimwachia awashe ubani, amwinamie marehemu mara tatu, ale nyama ya kuku ashibe. Ndipo akauweka mwongozo mbele yake.

"Mwalimu, michoro hii ya nani?"

Khoat alipangusa midomo. "Ya Mien, Mungu amlaze pema. Alinipa daftari sikukuu ya mwaka mpya, Tet, nitoe nakala. Nimechapa kwa kumkumbuka."

"Tangu Tet hukuligusa tena?"

"Sikuligusa. Nilimrudishia siku ileile."

"Afande umesikia? Na nyinyi wazee mmesikia?" Nhan alifunua ukurasa. "Basi hili doa jeusi kwenye ngazi ni nini?"

"Wino. Mashine ya nakala ilichafua."

Mama yake Nhan, aliyekuwa akigawa wali, aliinama kutazama. Bakuli likamponyoka. "Ni kaa langu la ubani! Lilidondoka pale madhabahuni, jioni ile ya mwisho!"

Hakuna aliyetia kitu mdomoni tena. Afande Duong alisimama nyuma ya Khoat.

"Tet ilipita zamani," Nhan alisema. "Tundu hili lilitoboka jioni ya kuamkia mtihani, na mdogo wangu akatoka na daftari alfajiri. Ulilipata wapi, kama si mfereji ule?"

Khoat aliutazama mlango, kisha mikono yake. "Nilimngoja njiani, nikamwomba kwa adabu," alisema mwishowe. "Akacheka. Miaka yote nimewafundisha, na mtoto wa juzi ananifanya kichekesho. Nilimsukuma tu..."

"Ukamwacha majini. Ukachukua daftari, ukafunga zipu vizuri."

"Mwanangu, nisamehe."

"Mimi si mwanao."

Khoat yuko rumande Vinh. Sheria humpunguzia mshtakiwa adhabu wafiwa wakiandika barua ya kumsamehe, kwa hiyo kila asubuhi mama yake Khoat huja na kikapu cha matunda, akapiga magoti getini kwa kina Nhan. Nhan hupokea kikapu, huwamwagia nguruwe matunda hayo huku mama yule akitazama, kisha humrudishia kikapu kitupu. Barua hajaiandika.