Unyevu Kwenye Kiti cha Nyuma

Kiti cha nyuma cha gari kilikuwa kimelowa. Si sana, unyevu tu wa kadiri ya makalio ya mtoto, upande wa kushoto, na mjini Nizwa mvua haikuwa imeonekana tangu mwezi wa tatu. Nabhan alipagusa, akanusa vidole. Harufu ilikuwa ya maji ya rejeta, na ndani yake ngozi iliyoungua.

"Sasa hata viti vinavuja," mkewe, Raya, alimwambia toka mlangoni. "Si ulizike tu, baba Shuruqi?"

Maneno hayo hayakuwa mageni. Jipu lile la kifahari lilikuwa la marehemu baba yake Nabhan, na kwa miaka yake ishirini na miwili lilikuwa na maradhi mapya kila mwezi: leo pampu ya maji, kesho springi za hewa. Raya alitaka wanunue jipya, dogo, lisilowaacha jangwani na mtoto. Nabhan alikuwa hataki kusikia. Usukani ule bado ulikuwa na mchubuko wa pete ya baba yake, na yeye alikuwa akiupapasa kila asubuhi. Alikuwa akimpenda mzee wake, basi.

Lakini tangu waliporudi kutoka matembezini bondeni wiki mbili nyuma, kiyoyozi kilikuwa kikijiwasha chenyewe, baridi mpaka mwisho. Fundi Kunjumon alifungua nyaya zote asione kitu, akakataa malipo, mtu ambaye hata kukaza nati alikuwa akitoza, kisha akaomba gari lile lisirudishwe tena gereji kwake. Na Shuruqi, binti yao wa miaka mitano, akawa hataki kukaa upande wa kushoto.

"Hapo pana mtoto kaungua," alimnong'oneza baba yake. "Anataka baridi. Mama yake yuko juu ya paa."

Ijumaa, saa nane mchana, mji mzima umelala kwa joto, Nabhan akasikia kiyoyozi cha jipu kikivuma uani. Funguo zilikuwa mfukoni mwake. Akatoka, na jua likampiga usoni, na kadiri alivyosogea ile harufu ya ngozi ilizidi kumjaa puani, akaona vioo vyote vimeingia ukungu kwa ndani, na katika ukungu ule kiganja kidogo kimebandikwa, kinachuruzika maji, na nje ya kioo binti yake kasimama pekupeku juu ya saruji ya moto, ametulia tuli, kiganja chake kimeshikana na kile cha ndani. Alipomnyakua, mkono wa mtoto ulikuwa umetoka malengelenge.

Siku hiyohiyo akasalimu amri. Alitia sahihi kadi ya gari, akamwambia Raya ampe mnunuzi yeyote, hata bure, naye akaazima gari la shemejiye, akakimbilia Bahla kwa Mwalimu Khalfan, mzee aliyejua kusema na wale wasioonekana.

Mwalimu alimuuliza jambo moja tu: "Maji ya moto ulimwaga wapi?"

Nabhan akakumbuka. Kule bondeni injini ilichemka, Raya akawa anamsuta juu ya jipu jipya, naye kwa hasira akafungua rejeta chini ya mti, maji yanayotokota yakamwagika ardhini bila bismillahi. Baba yake hata chai hakuwahi kuimwaga bila kulitaja jina la Mungu, ili wale wa chini ya ardhi wapishe, wasiungue.

Mwalimu akasoma, akasikiliza, akasoma tena. Mwishowe akasema polepole: "Mama mtu amekubali. Hamgusi tena binti yako. Atakaa garini na mwanawe mpaka apone. Nawe litengeneze gari lako, liwe hai, liwe na baridi. Usiliuze, Nabhan. Likiondoka, watatafuta baridi kwingine."

Njia nzima alimpigia Raya simu, haikupokelewa.

Uani palikuwa patupu. Raya alimlaki akicheka, akamweleza kwamba mtu wa Ibri amekuja na winchi akalibeba, na sasa wapumue. Nabhan akampita, akaenda chumbani kwa mtoto.

Kiyoyozi kilikuwa kinavuma, waya wake umechomolewa ukutani. Shuruqi alikuwa amelala, kajibana ukingoni mwa kitanda, upande wa kulia. Upande wa kushoto shuka lilikuwa limelowa.