Paa la Shangazi

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika watu. Huyu anadai misumari, yule anapima bomba kwa mkono, na muuzaji anawajibu wote kwa mpigo. Katikati ya purukushani hiyo alisimama mshonaji, gauni la maua ya njano limemkaa utadhani alizaliwa nalo, futi kamba ikining'inia shingoni. Alitumwa na shangazi yake, mwenye jengo la maduka lenye paa bapa la zege. Chumba cha kushonea kilikuwa ghorofa ya juu, chini ya paa hilo. Jua likiwaka, yeye na wenzake walipikika. Mvua ikinyesha walihamisha vyerehani.

"Nipe ndoo za rangi nyeupe ya paa. Ile ya akriliki."

"Mvua ikinyesha, maji yanatuama huko juu?" sauti iliuliza nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu, ovaroli lina madoa ya kila rangi, meno meupe pee.

"Kaka, umeajiriwa hapa au unapenda tu maneno ya watu?"

"Kazi yangu kupaka mapaa, dada. Akriliki ni nzuri, inarudisha jua. Ila maji yakiikalia, inalainika na kubanduka. Rangi ya silikoni, maji yataikalia mpaka yachoke yenyewe."

"Mimi nataka chumba kipoe."

"Silikoni nayo iko nyeupe. Ubaya wake inateleza. Ukiikanyaga na viatu hivyo, itabidi nikudake."

"Nani kakwambia nitaanguka?"

"Kuomba si kosa."

Muuzaji alicheka mpaka akamwaga misumari ya mteja.

Kesho yake fundi yule wa dukani alikuja kukagua paa. Alimwaga maji huku na huku, akazungushia chaki kila yalipotuama. Alirudi tena kupima, akarudi tena kupima alichokwisha kupima.

"Fundi huyu," shangazi alisema, "paa liko juu, mbona macho yake yako kwenye cherehani?"

Simu nazo zikaanza.

"Umeamkaje, Bi Sindano?"

"Salama, Bwana Ndoo. Umekula?"

"Sauti yako imenishibisha."

"Basi mchana usinisumbue na njaa zako."

Mshonaji alikata simu akitabasamu peke yake. Aliwahi kuchumbiwa, na mwanamume yule akaingia mitini harusi ikikaribia. Tangu hapo moyo wake aliufunga. Sasa ulikuwa unafunguka, taratibu, kwa woga.

Siku moja alivaa gauni jeupe aliloshona mwenyewe, akajipaka poda, akapanda ngazi kumpelekea fundi chai. Kabla hajafika mlango wa kutokea paani, akamsikia akizungumza na kaka yake kwa simu.

"Kaka, nimelikagua vizuri. Kwa mbali linang'aa, ukilikaribia unaona nyufa. Tena limepitia mikono ya wengi. Kila aliyekuja alipakapaka, akaenda zake. Si la kukimbilia."

Chai ilimwagika kwenye ngazi.

*Li! Hata "yeye" sistahili?*

Alishuka bila kugeuka nyuma, akamwagiza muuzaji alete akriliki yake, na simu za fundi akaziacha ziite mpaka zikate. Fundi akabaki hajui alipokosea. Mwishowe akampigia shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Unayemtafuta yuko hapa, anajidai anapiga pasi." Akambandika mpwa wake simu sikioni.

"Sitaki maneno," mshonaji alisema.

"Sawa. Kama hunitaki, nitavumilia. Ila usipake akriliki pale maji yanapotuama, vitambaa vyako vitaharibika. Kazi mpe fundi mwingine, mradi aoshe paa, likauke, apake silikoni."

Pasi ilisimama hewani.

"Vitambaa vya mtu uliyemwita 'li' vinakuhusu nini?"

"Li gani?"

"'Kwa mbali linang'aa! Limepitia mikono ya wengi!' Nilikusikia kwa masikio yangu!"

Kicheko kiliitikisa simu.

"Bi Sindano! Hilo ni paa! Kaka aliniuliza hali ya paa! Mmoja alilipaka lami, mwingine rangi ya ukuta…"

Shangazi, aliyekuwa akisikiliza bila aibu, alijitupa juu ya vitambaa akicheka hadi akashika mbavu.

"Na mimi," mshonaji aliuliza kwa sauti ndogo, "kaka yako hakuniuliza?"

"Aliuliza. Nikamwambia, huyo nisipomkimbilia mimi, nitakuwa mjinga wa mwisho."

"Basi… njoo. Hizi ndoo zirudi dukani."

Fundi aliliosha paa, akaziba nyufa, akalipaka silikoni nyeupe hadi likaumiza macho. Mvua kubwa iliponyesha, alikuja mbio kuangalia. Darini hakuna tone. Vyerehani vilikuwa vinaendelea kuimba.

Alisimama mlangoni, kalowa chapachapa.

"Kazi imekwisha," alisema. "Sina tena sababu ya kuja hapa."

"Tafuta nyingine."

"Nikuoe?"

Cherehani kikanyamaza.

"Unaniposa umelowa hivyo?"

"Nikikauka nitaogopa."

Alimtupia taulo usoni. "Nimekubali. Haya, shuka kwa shangazi ukaseme kama mtu mzima."

Alishuka ngazi mbili mbili. Hata hakumaliza shikamoo. Kigelegele cha shangazi kilipanda ghorofa zote, wenye maduka wakatoka kuuliza kuna nini, na mshonaji akalaza kichwa juu ya cherehani, akicheka na kulia kwa pamoja.