Kipande cha Tano

Mbu watano walikataa kutua.

Hilo ndilo lililotangulia yote, na Bi Sekunde aliliandika katika daftari lake siku ya Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Jina hilo la utani alipewa na wenzake wa maabara ya vyandarua kwa sababu saa ya kupimia muda haikumtoka shingoni, hata alipokwenda kunywa chai. Kazi yake ilikuwa na utaratibu usiobadilika. Chandarua chenye dawa kilichotumika miaka mitatu huchukuliwa nyumbani kwa mwenyewe, naye huachiwa kipya. Kile cha zamani hukatwa vipande vitano vya mraba, sentimita thelathini kwa thelathini: vinne kutoka ubavuni, kimoja kutoka paani. Juu ya kila kipande hufunikwa koni ya plastiki, mbu watano hupulizwa ndani kwa mrija, nao huachwa humo dakika tatu kamili. Baada ya saa moja huhesabiwa walioanguka. Baada ya siku nzima, waliokufa. Hivyo hujulikana kama dawa iliyomo katika nyuzi bado ina nguvu.

Juu ya vipande vya chandarua namba themanini na nane, alivyovikata kwa mkono wake mwenyewe, mbu hawakuanguka wala hawakufa, kwa kuwa hawakukigusa kitambaa. Walijibana kwenye ncha ya koni, mmoja juu ya mwenzake, kama watu waliopanda juu ya nyumba maji yakijaa uani. Alipoilaza koni, walihamia upande ulio mbali zaidi na kitambaa, wakabaki hapo wakitetemeka.

Alirudia jaribio kwa mbu wapya. Akarudia tena. Jioni alimpelekea mkuu wa maabara daftari, naye akalisoma akiwa amesimama, kalamu mdomoni. Alimwambia kwamba fomu ina visanduku vitatu, walioanguka, waliokufa na walio hai, na kwamba "hawakutua" si jibu ambalo fomu inalijua.

"Ule mrija unaupuliza kwa mdomo wako," alisema mkuu. "Labda mchana ulikula vitunguu."

Wenzake walicheka. Bi Sekunde hakucheka. Miaka tisa alikuwa akipuliza mbu, na hakuna aliyewahi kuutilia shaka mkono wake, sembuse pumzi yake. Siku ya Jumatano aliamriwa kurudia tena, mara mbili, na mara zote mbili mbu walikimbilia nchani. Siku hiyo hiyo, saa tatu asubuhi, kipande cha tano, kile cha paani, kilipelekwa kwa wakemia wa chumba cha pili, ambao hukiyeyusha kitambaa katika kimiminika ili wapime kiasi cha dawa. Alitia saini, akaandika saa.

Alhamisi ndipo alipopata habari za mwanamke wa getini, tena kwa bahati tu. Mlinzi alikuwa akimlalamikia mpishi wa chai kwamba kuna mama mmoja anamsumbua tangu Jumatatu, anadai arudishiwe chandarua chake kikuukuu. Amemweleza mara ngapi kwamba bila barua ya miadi haingii mtu; amemuuliza hicho kipya alichoachiwa kina kasoro gani, naye anajibu tu kwamba hakitaki.

Bi Sekunde alitoka nje. Mwanamke alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtaro, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni kama saa inavyoning'inia kwa mwenzake. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye binti mmoja wa miaka sita.

"Dada, ukingoni mwa kile chandarua kulikuwa na mafundo saba ya uzi mweusi," alisema kwa sauti ya chini. "Uliyaona?"

Aliyaona. Alikuwa ameyaandika katika fomu: matengenezo madogo ya mwenye nyumba.

Fundi alisimulia bila kupandisha sauti, kama mtu aliyekwisha kusimulia mara nyingi asisikilizwe. Binti yake alipokuwa na miaka mitatu, kila magharibi kitu kilikuja kumkalia kifuani. Alimpeleka hospitali, wakampima damu, hawakuona malaria. Akamrudisha, wakampima tena, wakamwambia mama apunguze wasiwasi. Mwishowe alimwita mganga. Mganga alitaka kitambaa kinachomfunika mtoto mwili mzima kila usiku, na kitambaa cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu nyumbani. Yeye alisoma, fundi akafunga mafundo, na jini akashonewa humo kwenye nyuzi. Miaka mitatu mtoto alilala. Kisha watu wa vyandarua walipita siku ambayo fundi alikuwa amepeleka nguo za wateja. Dada yake, aliyebaki nyumbani, akakishusha cha zamani mwenyewe na kuwakabidhi kwa furaha, maana kipya kilikuwa cheupe. Mganga naye alikwisha kufa.

"Kwa hiyo mmemkata," alisema fundi. "Siku za mwanzo mtoto alihesabu hadi tano usingizini, na nilijua ni yeye anavitafuta vipande vyake. Tangu jana anahesabu hadi nne, halafu analia."

Bi Sekunde hakuwa mtu wa kuamini majini. Lakini alikuwa mtu wa tarehe na saa, na ile jana ilikuwa Jumatano, na Jumatano saa tatu ilikuwa na saini yake.

Jioni ile alikwenda. Chumba kilikuwa na cherehani, meza ya kukatia, na kitanda kilichofunikwa chandarua kipya kilichotundikwa chini chini. Jua lilipozama, harufu ya kitambaa kilichounguzwa na pasi ilienea, ingawa pasi ilikuwa baridi rafuni. Mtoto alikuwa amelala chali. Kifua chake kilibonyea taratibu, kama godoro linavyobonyea mtu anapolikalia, na midomo ikaanza kutembea: moja, mbili, tatu, nne. Hapo mikono ilinyanyuka, kucha zikaparuza paa la chandarua, zikitafuta, na kilio kilichotoka hakikuwa cha mtoto wa miaka sita, wala cha mtu mzima, bali cha kitu kilichochoka kuulizia chake bila kujibiwa. Ilichukua dakika tatu kamili. Bi Sekunde alijua, kwa kuwa kidole chake kilikuwa kimeibonyeza saa bila yeye kukiagiza.

Ijumaa asubuhi alimwomba mkuu ruhusa ya kukirudisha chandarua. Mkuu alieleza kwa upole unaochosha kuliko matusi kwamba chandarua kikishaingia humu si chandarua tena, ni sampuli, na hakuna fomu ya kurudisha sampuli. Alipomwambia kwamba mtoto anaumwa, alimshauri apelekwe hospitali. Alipomwambia kwamba alikwisha kupelekwa, alimkumbusha kwamba matokeo ya namba themanini na nane yanasubiriwa.

Basi alingoja wenzake watoke, akaingia stoo peke yake, na alipokuwa akipapasa rafu ya tatu alisikia sauti ndogo, kavu, ya uzi mmoja ukikatika, kisha mwingine, kisha mwingine, ikitoka ndani ya bahasha nne zilizofungwa, zile alizoziandika namba kwa mkono wake mwenyewe, na kila alipoishika bahasha moja sauti ilinyamaza humo na kuendelea katika nyingine, kana kwamba kilichomo kilikuwa kikijipenyeza taratibu kati ya zile nyuzi ili kimlaki. Alizitia zote mkobani pamoja na chandarua chenyewe, akapita getini. Mlinzi alimtakia mapumziko mema.

Jumamosi fundi alishona kutwa nzima. Vipande vinne vilirudi mahali pake. Paani palibaki dirisha moja la mraba.

"Hicho cha tano hakirudi," alisema fundi. "Kinatakiwa kingine. Kitoke kwenye chandarua kinacholaliwa na watu, na kitolewe na mkono ule ule uliokata."

Bi Sekunde alimwuliza kama hayo yalisemwa na mganga. Fundi alijibu ndiyo, akainama kutafuta sindano ambayo ilikuwa tayari mkononi mwake.

Alikwenda nyumbani, akapima thelathini kwa thelathini katika paa la chandarua chake mwenyewe, akakata, akarudi nacho. Kabla ya magharibi kipande kilikuwa kimeshonwa na mafundo saba yamefungwa upya. Harufu ya pasi ilikuja. Kifua kilibonyea. Mtoto alihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Tano, akasema mtoto, akageukia ukutani na kulala, na kifua chake kikapanda na kushuka kama kifua cha mtoto yeyote.

Fundi alimsindikiza hadi mlangoni, macho akiwa ameyaelekeza chini.

"Nisamehe, dada," alisema. "Mimi ni mama."

Bi Sekunde alidhani anaombwa radhi kwa usumbufu wa juma lile.

Nyumbani aliliziba tundu lake kwa kipande kipya, akapanda kitandani kando ya mumewe, dereva wa malori, mtu wa usingizi mzito ambaye hata honi haimwamshi. Alichomeka chandarua chini ya godoro pande zote nne, kama anavyowafundisha watu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alihisi kwamba kazi imekwisha sawasawa, hata kama hakuna fomu ya kuiandika.

Harufu ya pasi ndiyo iliyomwamsha.

Aliwasha tochi, na kabla ya kumtazama mumewe alitazama, kwa mazoea ya miaka tisa, mbu walipo, na aliwaona wote wa chumba kile katika pembe moja ya dari, ile iliyo mbali zaidi na kitanda, mmoja juu ya mwenzake, wakitetemeka, na hapo ndipo alipoelewa radhi ile ilikuwa ya nini, na kwamba jini aliyekatwa vipande vitano hakurudi mzima, na kwamba ile sehemu yake ambayo kitambaa chake kiliyeyushwa ilikuwa imeufuata mkono uliokata hadi mahali unapolala. Kifua cha mumewe kilibonyea taratibu. Mkono wake ulinyanyuka, ukapapasa paa la chandarua lililolegea, ukaukuta mshono mpya na kuufuata mraba wote kwa kidole kimoja.

"Cha tano hiki hapa," mumewe alisema usingizini, kwa sauti iliyochoka. "Vingine vinne umeviweka wapi?"